Jogoo wa Nyumbani na Asili ya Upole Wake

Leo hatutasema habari za wafalme wala za vita. Twataka kusema habari za jogoo. Asicheke mtu. Katika miji mingi ya Tarime na Serengeti, kuku ni mfuko wa fedha wa mama wa nyumba. Ng'ombe ni mali ya ukoo, na kumtoa ng'ombe hutaka shauri la wazee. Lakini mayai kumi au pora mmoja aliyenona, mama aweza kumpeleka gulioni asubuhi, na jioni akarudi na chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Basi kundi dogo la kuku waliopo uani ni jambo kubwa, na jogoo ndiye baba wa kundi hilo. Akiwa mwema, nyumba yote hupata faida. Akiwa mbaya, nyumba yote hupata hasara.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka mmoja tulipata jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye upanga mzuri kichwani na mkia unaong'aa kama shaba. Kila apitaye alimsifu. Hata mwezi wa tatu jogoo yule akaanza kuwafukuza watu. Kwanza alimfuata mchota maji, kisha wageni, na mwisho watoto. Siku moja mtoto wetu wa miaka minne alipita uani akishika bakuli la mtama. Jogoo akamrukia, akamchoma kwa kipi, yaani ule mwiba wa mguuni, chini ya jicho, mahali pasipozidi upana wa kidole kimoja kutoka kwenye mboni. Tukamshukuru Mungu kwamba jicho lilipona. Jioni jirani yetu, mzee aliyefuga kuku tangu utoto wake, akaja kutupa pole. Akamtazama jogoo, akatikisa kichwa, akasema: "Mwalimu, wewe ulinunua rangi. Hukuuliza babake alikuwa nani."

Neno hilo lilitukaa moyoni. Maana mzee alikuwa amesema, kwa maneno machache, kwamba tabia ya jogoo ina historia. Basi leo tutaulizia habari za baba wa jogoo, na baba wa babake, mpaka tufike mwanzo. Kisha tutarudi uani kwetu kuona historia hiyo yatufundisha nini.

Asili ya kuku wote wa nyumbani ni kuku wa mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye hata leo yuko katika nchi kama Thailand na India. Katika mwaka 2022 wataalamu walitoa habari za uchunguzi wao juu ya mifupa ya kale ya kuku iliyopatikana katika nchi nyingi. Waliona kwamba mifupa ya kale kupita yote iliyo yakini kuwa ya kuku wa nyumbani ni ile ya mahali paitwapo Ban Non Wat, katika Thailand, ya miaka kati ya 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Wakaona pia kwamba kuku na nafaka vilifuatana. Watu walipolima mpunga na mtama katika nchi kavu, ndege wa msituni walivutwa na punje zilizomwagika, wakakaribia makazi ya watu, na kidogo kidogo wakawa wenyeji.

Sasa tuangalie tabia za yule kuku wa mwitu, kwa maana ndizo zilizo chini ya tabia za kuku wetu. Tabia zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni hofu: amwonapo mtu hukimbia au huruka mtini. Ya pili ni ugomvi: jogoo hawezi kumvumilia jogoo mwenzake karibu na mitetea wake, nao hupigana kwa vipi mpaka mmoja ashindwe. Mwituni tabia hizi mbili hazimdhuru mtu hata kidogo, kwa sababu hofu humweka jogoo mbali nasi. Lakini kuku alipokuja nyumbani, hofu ilipungua kwanza, kwa maana alilishwa na mkono wa mtu. Ugomvi ukabaki. Hapo ndipo penye siri ya jogoo mkali. Jogoo amrukiaye mtoto si jogoo wa mwitu. Ni jogoo aliyepoteza hofu yake bila kupoteza ugomvi wake, naye humwona mtu kama jogoo mwenziwe aliyekuja kumnyang'anya mitetea. Jogoo mpole kwa kweli ni yule aliyepunguziwa yote mawili.

Ni nani basi aliyempunguzia? Jibu ni kwamba wanadamu walikwenda kwa njia mbili zilizoachana. Yafaa tujue kwamba hapo zamani watu wengi hawakufuga kuku kwa ajili ya mayai. Julius Caesar, jemadari wa Rumi, aliyefika Uingereza katika miaka ya 55 na 54 kabla ya Kristo, ameandika kwamba watu wa huko waliona ni mwiko kula kuku, wakawafuga kwa kujifurahisha tu. Hata karibu nasi, katika Uganda, desturi ya zamani ya Waganda iliwakataza wanawake kula kuku na mayai. Watu walimtaka jogoo kwa sauti yake ya alfajiri, maana alikuwa saa yao. Ndiyo sababu wazee wa pwani walihesabu usiku kwa jogoo la kwanza na jogoo la pili. Wengine walimtaka kwa sadaka. Na wengine wengi walimtaka kwa vita, wamtie uwanjani apigane na mwenzake mbele ya watu, na fedha ziwekwe juu ya mshindi.

Mtu atakaye jogoo wa vita humchagua mkali, na mwoga humchinja. Akifanya hivyo yeye, na mwanawe, na mjukuu wake, ukali hujaa katika ukoo ule wa kuku kama maji katika mtungi. Mtu atakaye mayai na nyama humtaka jogoo atulivu, asiyewachosha mitetea wala kuwatisha watoto. Akichagua hivyo naye kwa vizazi vingi, utulivu hukaa. Njia ya vita na njia ya jikoni ndizo njia mbili za historia ya jogoo, na zote mbili zimefika Afrika ya Mashariki.

Kuku waliletwa kwetu zamani sana. Katika visiwa vya Zanzibar, mahali pa kale kama Unguja Ukuu, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya kuku tangu karne ya 7 na ya 8 baada ya Kristo, pamoja na vyombo vilivyotoka ng'ambo. Bila shaka kuku wengi walisafiri katika matenga ndani ya vyombo vya matanga. Kutoka huko na kwa njia nyingine walienea bara, wakipewa mgeni kwa mgeni na jirani kwa jirani. Hata jina lao latuonyesha kwamba wamekaa kwetu muda mrefu: Waswahili husema kuku, Wasukuma husema ngoko, Wagusii husema engoko, na Waganda husema enkoko. Si jina la juzi. Na wasafiri wa karne ya 19 waliokwenda bara wameandika mara nyingi kwamba walipofika katika kijiji, kuku alikuwa miongoni mwa zawadi za kwanza walizopewa.

Katika miaka ya 2010 wataalamu wa Tanzania, wakisaidiana na wenzao wa Ujerumani, walichunguza damu ya kuku wa kienyeji wa nchi hii ili wajue ukoo wao kwa upande wa mama. Waliona koo mbili zilizo kubwa. Kuku walio wengi wana ukoo unaoelekea Bara Hindi. Wengine wana ukoo unaoelekea Asia ya Kusini-Mashariki, na huo waonekana hasa kwa kuku waitwao Kuchi. Ukoo huo ni jamaa wa kuku wa vita wa Asia, kama wale wa Japani waitwao Shamo.

Wengi wenu mmewaona Kuchi. Ni kuku warefu wa shingo na miguu, wenye upanga mdogo, macho makali na manyoya machache kifuani, na jogoo wao hupita kilo 2.5. Pwani, kama huko Lamu, watu waliwathamini majogoo hao kwa mapigano. Bara wamependwa kwa ukubwa wao na kwa bei yao gulioni. Basi mwenye mji akimwona Kuchi mrefu sokoni, moyo wake humtamani, husema: Nikimleta huyu, vifaranga vyangu vitakuwa vikubwa. Na ni kweli, vitakuwa vikubwa. Lakini pamoja na mifupa mirefu atakuwa ameleta nyumbani vizazi vingi vya vita. Hatusemi kwamba kila Kuchi ni mkali kwa watu, maana wako waliolelewa vizuri wakawa watulivu. Twasema tu kwamba njia aliyoijia ni njia ya uwanja wa mapigano, na mwenye watoto wadogo yampasa kulijua jambo hilo kabla ya kutoa fedha.

Sasa tuvuke bahari kwa kitambo, tuone njia ya pili, maana majogoo wengi tunaowaita wa kizungu walitoka huko. Katika Uingereza mchezo wa kupiganisha majogoo ulipendwa kwa karne nyingi, na matajiri na maskini. Katika mwaka 1835 sheria ilitolewa ya kuukataza. Miaka michache baadaye kuku wakubwa kutoka China, walioitwa Cochin, walifika huko. Malkia Victoria mwenyewe aliwafuga. Walikuwa na manyoya mengi mpaka miguuni, wazito, wasioruka, na wapole sana kwa watu. Katika mwaka 1845 maonyesho ya kuku yalifanywa London, na watu waliozoea kushindanisha majogoo kwa vipi wakaanza kuwashindanisha kwa uzuri, kwa ukubwa na kwa mayai. Hivyo kazi ya jogoo ikabadilika, na kipimo cha kumchagua kikabadilika pia.

Katika wakati huo mbegu nyingi mpya zilitokea au kupewa sifa. Kuku wa jimbo la Sussex, na hasa wale weupe wenye ukosi mweusi waitwao Light Sussex, wakajulikana kwa utulivu wao. Katika mwaka 1886 William Cook, wa mji wa Orpington katika jimbo la Kent, alitoa kuku weusi waitwao Orpington, wanene na wapole. Hao walipelekwa Australia, na huko wafugaji wakawachagua kwa mayai, wakapata mbegu iitwayo Australorp. Katika mashindano ya mwaka 1922 hata 1923, mitetea sita wa mbegu hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365, yaani kila mmoja mayai zaidi ya 309. Kuku wa kienyeji wa kwetu, ajitafutiaye chakula mwenyewe, hutaga kama mayai 40 hata 60 kwa mwaka. Na pamoja na mayai hayo yote, jogoo wa Australorp hujulikana kuwa mtulivu.

Lakini katika Marekani, jimbo la Rhode Island, wakulima walifanya mchanganyiko wa namna nyingine. Walichukua kuku wa Cochin na kuku watagaji wa Italia, wakawachanganya na majogoo wekundu wa Kimalaya walioletwa na mabaharia. Wamalaya hao ni ndugu wa kuku wa vita. Ikatokea mbegu ya Rhode Island Red, iliyokubaliwa rasmi katika mwaka 1904: hodari, hutaga vizuri, huvumilia mvua na jua. Mitetea wake ni watulivu. Lakini miongoni mwa majogoo wake huonekana mara kwa mara mmoja aliye mkali, na watu wengi waliowafuga wameshuhudia hivyo. Tuliposoma habari hizi tulimkumbuka jogoo wetu mwekundu. Mzee jirani hakuwa amesoma habari za Rhode Island, lakini swali lake lilikuwa la haki.

Mbegu hizi zililetwa Afrika ya Mashariki na ya Kati katika karne ya 20. Rhode Island Red na Light Sussex zilikuwa miongoni mwa zile zilizoletwa Tanganyika ili kuwaboresha kuku wa wenyeji. Katika Malawi, Australorp weusi waligawiwa wakulima kutoka kituo cha Mikolongwe. Katika Kenya, tangu mwaka 1976, serikali kwa msaada wa Uholanzi ilifanya mpango ambao mkulima aliwatoa majogoo wake wa kienyeji akapewa wa mbegu ya kigeni. Shauri lilikuwa jema, lakini watu walijifunza mambo mawili. La kwanza, watoto wa jogoo wa kigeni walikua upesi na kutaga zaidi, lakini mara nyingi mitetea wao hawakupenda kuatamia. Na mama asiye na mashine ya kuangulia anamtegemea kuku aatamiaye. La pili, mbegu haishindi maradhi. Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulijulikana na wataalamu kwa mara ya kwanza katika mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza; na katika mwaka 1935 ulithibitishwa Mombasa. Tangu hapo umemaliza makundi yasiyohesabika. Ukiingia mjini, jogoo wa bei kubwa na jogoo wa kienyeji hulala pamoja.

Siku hizi zimekuja mbegu nyingine, kama Kuroiler iliyotoka India na Sasso iliyotoka Ufaransa. Wataalamu wamezijaribu katika mikoa kadhaa ya Tanzania tangu miaka ya 2010, na wafugaji wengi wamezipenda kwa ukubwa na mayai yake. Yafaa tu kukumbuka kwamba kuku hao ni wa mchanganyiko uliopangwa kwa makusudi. Watoto wa jogoo wa Kuroiler hawatafanana wote na baba yao. Wengine watarudi nyuma. Basi mtu asimfuge jogoo wa namna hiyo akitumaini kwamba kizazi baada ya kizazi mambo yatabaki yale yale.

Mpaka hapa mtu aweza kusema: Basi niambieni jina la mbegu iliyo pole, niende nikanunue. Kama aulizaye anaweza kuipata, tutamjibu bila kusita: kwa nyumba yenye watoto, Australorp na Light Sussex ni majogoo wa kutumainiwa kuliko Kuchi au Rhode Island Red. Lakini jibu hilo ni nusu tu. Kuna nusu ya pili, nayo haihitaji fedha nyingi.

Katika chuo kikuu cha Linköping, nchi ya Sweden, wataalamu waliwachukua kuku wa mwitu, wale wale wa asili, wakawagawa kwa hofu yao mbele ya mtu. Katika kila kizazi waliwazalisha pamoja wale wenye hofu kidogo, na pembeni wakawazalisha pamoja wale wenye hofu nyingi. Kwa vizazi vichache tu, visivyofika hata kumi, tofauti ikaonekana wazi. Wale wa hofu kidogo walikuwa watulivu mbele ya watu, na tena wakawa wakubwa zaidi. Hawakuongezewa mbegu nyingine. Kilichowabadilisha ni kuchaguliwa tu.

Sasa, ndugu zetu, tujiulize sisi twachaguaje. Mgeni akifika nyumbani jioni, baba husema: Mkamateni jogoo. Watoto hukimbia uani, na ni nani wanayemkamata? Humkamata yule anayekamatika. Yule mpole, aliyezoea mkono wa mama, asiyetoroka, ndiye anayeingia chunguni. Yule mkali apigaye kipi, na yule mwepesi arukaye juu ya paa, hubaki. Mwaka ujao yeye ndiye baba wa vifaranga. Vivyo hivyo gulioni: jogoo mkubwa mtulivu ndiye auzwaye kwanza, kwa sababu hubebeka vizuri na mnunuzi humpenda. Hivyo mwaka hata mwaka, pasipo kukusudia, tunakula upole na kuufuga ukali. Kisha tunashangaa kwamba majogoo wa kienyeji ni wakali, tukasema ndiyo asili yao. Siyo asili yao peke yake. Ni kazi ya mikono yetu pia.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni kugeuza desturi hiyo: mkali aende chunguni, mpole abaki. Mnapoangua vifaranga, wachagueni mapora watatu au wanne walio bora kwa mwili, mkawatie alama ya uzi mguuni, na watoto wakatazwe kuwagusa mgeni akija. Kisha watazameni tangu mwezi wa nne hata wa saba, maana hapo ndipo damu ya ujogoo hupanda, na aliyekuwa mpole utotoni huweza kubadilika.

Dalili za kutazama ni hizi. Jogoo mwema akipata chakula huita mitetea kwa sauti ndogo, akawaachia wale. Jogoo mbaya hula peke yake. Jogoo mwema huwapanda mitetea bila kuwararua. Ukiona mitetea wana migongo mitupu na vichwa vyenye majeraha, baba wao hafai, au ni wengi kupita kiasi. Jogoo akishusha bawa moja na kucheza ubavu mbele ya mtetea, hiyo ni desturi yake; lakini akicheza hivyo mbele ya mguu wa mtu, anakutishia, nawe umwangalie sana. Na akimfuata mtoto kwa nyuma, usingoje mara ya pili.

Hapo wenzetu wa wilaya ya Serengeti, wakaao Mugumu, Nata, Ikoma na Ngoreme karibu na nyika, watatuuliza: Je, jogoo mpole atawalinda mitetea na mwewe, kicheche na nguchiro? Swali hili ni la maana. Upole kwa watu si uzembe mbele ya adui. Jogoo afaaye huinua kichwa mara kwa mara, hutazama angani, na aonapo kivuli cha mwewe hupiga kelele ya hatari, mitetea na vifaranga wakajificha. Mchagueni yule aliye macho hivyo mbinguni na mtulivu hivyo duniani. Tena katika nyika jogoo mzito mno hafai, maana hawezi kukimbia wala kurukia tawi usiku. Kwenu yafaa jogoo wa kienyeji wa kiasi, aliyechaguliwa vizuri, au chotara mwepesi. Katika nyanda za juu za Tarime, penye migomba na baridi ya asubuhi, na nyumba zikiwa karibu karibu, jogoo mzito wa Sussex au Australorp aweza kukaa vizuri zaidi, maadamu ana banda la usiku.

Shauri la pili ni la hesabu. Jogoo mmoja atosha mitetea wanane hata kumi. Wawili katika kundi dogo ni vita tu. Na yule afugaye mitetea kwa kuuza mayai tu, hana haja ya jogoo kabisa, maana mtetea hutaga bila jogoo, na yai lisilo na mbegu hukaa muda mrefu zaidi bila kuharibika. Jogoo ni wa lazima kwa yule atakaye vifaranga.

Shauri la tatu ni kubadilishana. Jogoo asiwapande binti zake, maana kizazi hudhoofika. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mpe jirani jogoo wako, naye akupe wa kwake, mkiulizana habari za baba zao. Kumbukeni kwamba mbegu za jogoo wa kwanza hukaa hai ndani ya mtetea kwa majuma mawili au matatu. Basi ngojeni mwezi mmoja baada ya kumwondoa, ndipo muatamishe mayai ya jogoo mpya. Na wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Jogoo mpya afungwe peke yake, mbali na wengine, siku 14, mwone kama ana ugonjwa. Kundi lote lipate chanjo ya mdondo kila miezi mitatu. Ni tone moja katika jicho, na majirani wakichanja siku moja, faida huwa kubwa zaidi.

Shauri la nne ni kwa watoto, nao twawaambia kama waalimu wao. Msimtupie jogoo mawe, wala msimpige teke kwa mchezo. Kila teke, yeye hulihesabu kuwa ni pigo la jogoo mwenzake, na kesho atarudi kulipa. Apitaye karibu naye na apite polepole. Na wadogo wasiachwe peke yao mbele ya jogoo asiyejulikana, hata akisifiwa namna gani.

Mtauliza yule jogoo wetu mwekundu alipatwa na nini. Aliliwa siku ya tatu, na mzee jirani alipata paja. Kisha mzee akatuletea pora mmoja wa rangi ya majivu, asiye na uzuri wowote wa kusifiwa njiani, akasema: "Babake namjua, na babu yake nilimjua. Hakuna aliyempiga mtu." Tukamfuga. Alikaa nasi miaka miwili, akawika kila alfajiri, akaita mitetea wake kwenye punje, na mtoto yule yule mwenye kovu chini ya jicho akawa anamlisha kwa mkono.

Basi, ndugu, kila mnapomshika jogoo na kisu, kumbukeni kwamba mnachagua baba wa mwaka ujao.